AFYA YA JAMAA: Moyo Ukienda Mbio, Tumbo Hufanya Nini?

Ndugu msomaji, Jumapili hii ninakuomba tuketi pamoja katika baraza ya nyumba moja iliyoko Shirimatunda, mjini Moshi. Nyumba hiyo ni ya mama yangu mkubwa, ambaye kwa heshima yake sitamtaja jina. Ni mama aliyelea watoto sita kwa cherehani, na ameishi na ugonjwa wa pumu tangu utoto wake.

Julai iliyopita nilikwenda kwake likizo. Wenye kuijua Moshi watakubaliana nami kwamba baridi ya mwezi huo si ya mchezo. Mawingu huufunika mlima kutwa nzima, na usiku watu hulala na mablanketi mawili. Usiku wa tatu wa likizo yangu niliamshwa na sauti niliyoijua tangu nikiwa mdogo, sauti ya kifua kinachopiga filimbi. Nilimkuta mama mkubwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono ameikita magotini, mabega yamepanda, na maneno yakimtoka moja moja. Nilimwuliza dawa yake ya kuvuta iko wapi. Alitikisa kichwa. Hakuwa nayo. Alikuwa ameiacha kwa muda wa miezi miwili, wala hakumwambia mtu.

Jirani mwenye gari alitusaidia tukamfikisha hospitali. Alipewa hewa ya oksijeni na dawa ya kuvuta kwa mashine, na kulipopambazuka aliweza kusema sentensi nzima. Hapo ndipo nilipomwuliza.

"Mama mkubwa, kwa nini uliacha dawa?"

"Mwanangu," akanijibu, "dawa ile ilikuwa ikinikimbiza moyo, na tumbo likawaka moto. Nikaambiwa kwamba kitu chochote kinachoukimbiza moyo humwaga tindikali tumboni. Nikaona heri nibanwe kifua kuliko kutoboka tumbo."

Ninakiri mbele yako, ndugu msomaji, kwamba sikuwa na jibu. Mimi ni mwandishi wa habari, si tabibu. Lakini maneno yale hayakuniacha, kwa sababu nimeyasikia pia Dar es Salaam, Tanga na Mwanza, tena kutoka kwa watu waliosoma. Ndipo nikaanza kuwauliza madaktari na kupekua vitabu. Haya ndiyo niliyoyapata.

ADRENALINI NI KITU GANI

Juu ya kila figo ya binadamu imekaa tezi ndogo. Tezi hizo hutengeneza homoni iitwayo adrenalini. Ukikurupushwa na mbwa gizani, au ukiona gari likikujia kwa kasi, tezi hizo humwaga adrenalini katika damu. Hapo hapo moyo huenda mbio, njia za hewa kifuani hupanuka, sukari huongezeka katika damu, na misuli hupata nguvu ya kupigana au kukimbia. Mjapani Jokichi Takamine, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, ndiye aliyeitoa adrenalini ikiwa safi mwaka 1901.

Mwaka 1948 mtaalamu wa Kimarekani, Raymond Ahlquist, alieleza kwamba adrenalini haifanyi kazi kwa njia moja tu. Viungo vya mwili vina vipokezi vya aina mbili, ambavyo alivipa majina ya herufi za Kigiriki, alfa na beta. Mfano wake ni ufunguo mmoja unaofungua makufuli ya namna mbili. Kufuli la alfa likifunguliwa, mishipa ya damu hubana. Kufuli la beta likifunguliwa, moyo huharakisha na njia za hewa hulegea.

Kutokana na elimu hiyo zimetoka dawa nyingi tunazozijua majumbani mwetu. Ziko zinazoiga kazi ya adrenalini, na ziko zinazoizuia. Katika kundi la kwanza imo salbutamoli ya wagonjwa wa pumu, iliyoanza kutumika mwaka 1969. Imo pia efedrini, iliyotolewa katika mmea wa tiba ya Kichina na Mjapani Nagayoshi Nagai mwaka 1885, na ambayo kwa miaka mingi ilitiwa katika vidonge vya pumu. Katika kundi la pili zimo propranololi na atenololi, ambazo watu wengi wenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo wamepata kupewa.

Basi swali la mama mkubwa si la kipuuzi hata kidogo. Dawa yake ya pumu ni ndugu wa adrenalini. Je, adrenalini humwaga tindikali tumboni?

TUMBO NA MOTO WAKE

Kwanza tulifahamu tumbo lenyewe. Ukuta wa tumbo una seli maalumu zinazotengeneza tindikali kali, yenye uwezo wa kuua vijidudu vingi na kuanza kuivunja nyama unayokula. Kwa siku moja tumbo la mtu mzima hutoa majimaji kiasi cha lita 2 hivi. Tumbo haliungui kwa sababu limefunikwa na ute mzito, na damu inayopita ukutani mwake hulitunza daima.

Seli hizo hazifanyi kazi bila amri, na amri ni tatu. Ya kwanza huja kwa mshipa wa fahamu utokao kichwani. Ndiyo maana harufu ya mtori ukichemka jikoni hukutayarisha tumbo kabla hujashika kijiko. Ya pili huja kwa homoni iitwayo gastrini, inayotolewa chakula kinapofika. Ya tatu huletwa na kemikali iitwayo histamini, iliyo jirani kabisa na seli zenyewe.

Utaona, ndugu msomaji, kwamba adrenalini haimo miongoni mwa amri hizo tatu. Adrenalini ni mgeni jikoni. Inaweza kuwashawishi wapishi, lakini si yenyewe inayowasha jiko.

KISA CHA TOM

Mtu mmoja wa New York, Marekani, aliwafundisha madaktari jambo hilo kwa mwili wake mwenyewe. Katika vitabu hujulikana kwa jina la Tom. Mwaka 1895, akiwa na umri wa miaka 9, alikunywa supu ya moto mno, umio wake ukaungua na kuziba. Madaktari wakamtoboa tundu tumboni. Tangu siku hiyo Tom alitafuna chakula chake, kisha akakitia tumboni kwa faneli kupitia tundu hilo, akaishi hivyo hadi utu uzima, akifanya kazi na kulea familia.

Mapema katika miaka ya 1940 madaktari wawili, Stewart Wolf na Harold Wolff, walimwajiri katika maabara yao. Walitazama ndani ya tumbo lake kupitia tundu lile, wakapima tindikali yake siku baada ya siku, na mwaka 1943 wakachapisha kitabu juu ya waliyoyaona. Tom alipoogopa ghafla, ukuta wa tumbo lake ulipauka na tindikali ikapungua. Lakini alipokaripiwa kuhusu kazi yake, akabaki na kinyongo asichoweza kukitamka, tumbo liliiva likawa jekundu na tindikali ikaongezeka.

Ninakuomba uyapime maneno hayo. Hofu ya ghafla, ambayo ndiyo hali ya adrenalini, ilipunguza tindikali. Kinyongo kinachokaa moyoni kwa siku nyingi ndicho kilichoiongeza. Watu wa kale waliosema kwamba hasira ni hasara hawakuwa na kipimo cha tindikali, lakini hawakukosea sana.

WATAALAMU WALIPOPIMA

Katika miaka iliyofuata, na hasa miaka ya 1960 na 1970, wataalamu walipima jambo hili kwa watu waliojitolea. Mtu humezeshwa mpira mwembamba hadi tumboni. Hupewa kwa mshipa dawa inayoiga gastrini, ili tumbo litoe tindikali kwa nguvu. Majimaji hunyonywa kila baada ya dakika chache na kupimwa. Kisha huongezewa dawa inayoiga adrenalini, na kipimo huendelea.

Matokeo hayakuwa ya upande mmoja. Dawa iitwayo isoprenalini, iliyotumika kwa pumu kabla ya salbutamoli, ilipunguza tindikali iliyokuwa ikitoka. Lakini adrenalini ilionekana pia kuongeza gastrini katika damu, na gastrini, kama tulivyoona, ni amri ya kuwasha jiko. Kwa hiyo mkono mmoja unavuta na mwingine unasukuma. Jumla yake ni kwamba dawa za jamii ya adrenalini haziliwashi jiko la tindikali kama watu wanavyodhani. Mara nyingi hulipunguza kidogo, na athari hiyo ni ndogo kiasi kwamba hakuna daktari anayezitumia kutibu vidonda vya tumbo. Zile zinazoizuia adrenalini, kama propranololi, nazo hazikuingia katika orodha ya visababishi vya vidonda.

Hivyo basi, hukumu iliyotolewa juu ya dawa ya mama mkubwa haikuwa ya haki. Moyo kwenda mbio si alama ya tindikali kumwagika. Ni alama kwamba dawa imefungua kufuli la moyo pamoja na lile la kifua.

KASORO YA MLANGO

Hata hivyo mama mkubwa hakusema uongo. Kweli aliungua. Mgonjwa anaposema anaumia, yeye ndiye shahidi wa kwanza. Kama jiko halikuongezwa moto, moto ule ulitoka wapi?

Jibu la kwanza liko mlangoni. Kati ya umio na tumbo upo msuli wa mviringo, mithili ya mdomo wa mfuko wenye kamba. Chakula kikishapita, hujifunga ili tindikali isirudi juu. Dawa inayolegeza misuli ya njia za hewa inaweza kuulegeza na msuli huo, hasa ikitumika kwa wingi. Tindikali ile ile ya siku zote, bila kuongezeka hata tone, hupanda juu na kuchoma mahali pasipo na ute wa kupalinda. Hicho ndicho kiungulia.

Sasa tazama hesabu hii. Mvuto mmoja wa salbutamoli una mikrogramu 100 za dawa, nayo hufika moja kwa moja kifuani. Kidonge kimoja cha salbutamoli kina miligramu 4. Maana yake kidonge kimoja kina dawa sawa na mivuto 40, tena hupita kwanza tumboni na kuenea mwili mzima kabla ya kukifikia kifua. Mama mkubwa, ili kubana matumizi, alikuwa ameanza kumeza vidonge mara tatu kwa siku na kuiweka dawa ya kuvuta kabatini. Je, ni ajabu kwamba mikono ilimtetemeka, moyo ukamwenda mbio na kifua kikawaka?

Jibu la pili ni kwamba pamoja na vidonge hivyo alikuwa akimeza aminofilini. Hii si ndugu wa adrenalini. Ni ndugu wa kafeini iliyomo katika kahawa. Dawa za ukoo huo huongeza kweli tindikali tumboni, na zaidi ya hayo huulegeza ule mlango wa umio. Mtu akivimeza vidonge hivyo, kisha akashushia kahawa nzito ya mlimani, amelichokoza tumbo mara mbili.

FUNDO LA KHANGA

Nami ninafika sasa mahali panaponiuma kuandika.

Asubuhi ile daktari alimwomba mama mkubwa amwonyeshe dawa zote anazotumia nyumbani. Alifungua fundo la khanga yake. Mlikuwa na vidonge vya salbutamoli na vya aminofilini. Mlikuwa pia na pakiti ya diklofenaki, dawa ya maumivu, ambayo alikuwa akiimeza kila siku kwa ajili ya magoti. Daktari aliishika pakiti ile akauliza, "Hii nani alikupa?"

Mama mkubwa hakujibu. Alinitazama mimi tu.

Pakiti ile niliinunua mimi. Niliinunua katika duka la dawa Dar es Salaam bila cheti cha daktari, nikaitia katika kifurushi pamoja na sukari na kitenge, nikaipeleka kwa basi. Nilidhani ninamtunza mzazi wangu. Kumbe dawa za namna ile, zikiwamo aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, huuondolea ukuta wa tumbo ule ute unaoulinda. Ni miongoni mwa visababishi viwili vikubwa vya vidonda vya tumbo duniani. Si hilo tu. Kwa baadhi ya wagonjwa wa pumu, dawa hizo hizo hukibana kifua.

Basi mama mkubwa alikuwa ameitupa dawa inayomwokoa, na kuishika ile inayomdhuru kifua na tumbo. Na aliyempa ile inayomdhuru ni mimi, niliyesoma.

KISABABISHI CHA PILI

Nimesema visababishi ni viwili. Cha pili ni kijidudu. Kwa miaka mingi madaktari waliamini, kama tunavyoamini sisi mitaani hata leo, kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo, njaa na pilipili. Mnamo mwaka 1982 madaktari wawili wa Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall, walifaulu kukiotesha katika maabara kijidudu kinachoishi katika ute wa tumbo, ambacho leo huitwa Helicobacter pylori. Wenzao wengi hawakuwasadiki. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mchuzi uliojaa vijidudu hivyo, na baada ya siku chache akaanza kutapika. Tumbo lake lilipochunguzwa, lilikutwa na uvimbe uletwao na kijidudu. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Karibu nusu ya watu wote duniani wana kijidudu hiki, na wengi wao hawapati kidonda. Mara nyingi mtu hukipata utotoni, ndani ya familia yake. Kwa hiyo usafi wa mikono, vyombo na maji ya kunywa ni jambo la nyumba nzima.

Je, mawazo hayana lawama yoyote? La hasha. Vita vilipopiga mji wa London kwa mabomu mwaka 1940 na 1941, madaktari waliona watu waliotoboka vidonda vya tumbo wakiongezeka. Baada ya tetemeko kubwa la ardhi la eneo la Kobe, Japani, mwaka 1995, vidonda viliongezeka pia. Mgonjwa aliyeungua moto vibaya, au aliyeumia sana kichwani, huweza kupata kidonda katika muda mfupi, kwa kuwa katika dhiki kubwa damu hupungua ukutani mwa tumbo, na ukuta usiopata damu haujilindi. Mawazo basi ni mchochezi. Lakini kumwambia mgonjwa "acha mawazo" na kumrudisha nyumbani bila kumpima, ni kumwacha mwizi ndani na kumfukuza mbwa.

MTU MMOJA, DAWA MBILI

Kabla sijafika kwenye ushauri, niruhusu nikusimulie kisa kimoja kinachounganisha moyo na tumbo. Sir James Black alizaliwa Scotland mwaka 1924. Katika miaka ya 1960, akiifuata elimu ya Ahlquist juu ya vipokezi, yeye na wenzake walitengeneza propranololi, dawa inayoliziba kufuli la beta ili adrenalini isiufikie moyo. Kisha akajiuliza: ikiwa adrenalini ina makufuli ya namna mbili, je, histamini nayo haiwezi kuwa nayo mawili? Dawa za mzio zilizokuwapo ziliizuia histamini isilete mwasho na mafua, lakini hazikupunguza tindikali hata kidogo. Yamkini tumbo lilikuwa na kufuli lake.

Alilitafuta kufuli hilo kwa miaka mingi. Mwaka 1976 dawa ya simetidini ilianza kuuzwa Uingereza. Kabla ya hapo wagonjwa wengi wa vidonda walikatwa kwa upasuaji mshipa wa fahamu uendao tumboni, au hata sehemu ya tumbo lenyewe. Sasa mtu aliweza kumeza kidonge na kidonda kikapona. Mwaka 1988 Black alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Mwaka huo huo omeprazoli, inayolizima jiko lenyewe kwa nguvu zaidi, ilianza kuuzwa.

KAHAWA, POMBE NA MIRUNGI

Moshi ni mji wa kahawa. Chama chake kikuu cha ushirika wa wakulima, KNCU, kimekuwapo tangu mwaka 1933. Sithubutu kuwaambia watu wa huko waache kahawa. Nitasema tu kwamba kahawa, hata ile iliyoondolewa kafeini, huongeza tindikali, na mwenye kiungulia aitazame isimzidi. Bia na divai nazo huamsha tindikali. Sigara huchelewesha kidonda kupona. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha tumbo hutoa tindikali zaidi. Magadi nayo ni nafuu ya dakika chache tu.

Mirungi ni jambo jingine. Majani yake yana kemikali inayoufanya mwili umwage viini vya jamii ya adrenalini. Mtafunaji hupata moyo wa mbio, hukosa njaa na usingizi, na chakula hukawia kutoka tumboni mwake. Vijana wanaosema kwamba mirungi haidhuru kwa sababu ni majani tu, wakumbuke kwamba efedrini nayo ilitoka majanini. Aidha, mirungi imekatazwa nchini Tanzania na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015.

MAMBO YA KUSHIKA

Ndugu msomaji, katika yote niliyoyaandika ninakuomba ushike haya.

Kwanza, usiache dawa ya pumu kwa sababu ya tumbo. Pumu huua katika usiku mmoja. Mweleze daktari juu ya tumbo lako, abadilishe dawa au njia ya kuitumia. Kwa wagonjwa wengi dawa ya kuvuta ni bora kuliko vidonge. Aidha, tangu mwaka 2019 wataalamu wa pumu duniani wanasisitiza kwamba salbutamoli peke yake haitoshi. Mgonjwa anahitaji pia dawa ya kuvuta inayozuia uvimbe kifuani, akiitumia kama alivyoelekezwa.

Pili, usimeze dawa ya maumivu kila siku bila ushauri, wala usimtumie mzazi wako kifurushi cha dawa kama nilivyofanya mimi. Hatari huwa kubwa zaidi kwa wazee, na kwa wanaotumia pamoja nazo vidonge vya prednisoloni.

Tatu, msigawane dawa nyumbani. Propranololi ya baba mwenye shinikizo la damu inaweza kumfungia kifua kabisa mama mwenye pumu, kwa kuwa huziba kufuli lile lile ambalo salbutamoli hulifungua.

Nne, mwenye maumivu ya tumbo ya mara kwa mara apimwe. Kijidudu hugunduliwa kwa kipimo cha choo au cha pumzi, au kwa mpira wenye kamera. Tiba yake ni dawa kadhaa kwa pamoja, mara nyingi kwa siku 14, na lazima zimalizwe zote. Anayeziacha njiani humfundisha kijidudu ukaidi.

Tano, ukiona choo cheusi kama lami, au matapishi yenye damu au yanayofanana na mashapo ya kahawa, au maumivu makali ya ghafla na tumbo gumu kama ubao, usingoje kesho. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Kadhalika mwenye kukonda bila sababu, au chakula kinachomkwama umioni, asikawie.

MWISHO WA KISA

Mama mkubwa alipimwa baadaye kwa mpira. Alikutwa na kidonda kidogo mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na kijidudu kikaonekana. Alimaliza dawa zake zote. Vidonge vya salbutamoli na aminofilini aliondolewa, akapewa dawa mbili za kuvuta na kufundishwa namna ya kuzitumia. Diklofenaki ilitupwa. Magoti bado yanamsumbua, nami sitakudanganya kwamba yamepona. Hutumia parasetamoli kwa kiasi alichoambiwa, na jioni hutembea kidogo.

Nilipompigia simu wiki iliyopita kumwomba ruhusa ya kuandika habari zake, alicheka.

"Andika, mwanangu," alisema. "Ila uandike pia kwamba siku hizi ukiniletea mzigo, ninaufungua mbele ya nesi."

Nimeandika, mama mkubwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mficha dawa anazokunywa, hali yake ni hiyo hiyo. Leo jioni, ndugu msomaji, fungua fundo lenu la nyumbani, utazame mlicho nacho na nani alikipa, kisha kakipeleke kwa anayejua.

Tuonane Jumapili ijayo.